Sura ya Kumi na Moja: Kumtunza Mbwa Mwenye Mimba na Watoto Wake

Katika sura iliyopita tulijifunza kwamba wanyama wanaozaa na kunyonyesha watoto wao huitwa mamalia. Tuliwataja ng'ombe, mbuzi, popo, nyangumi na binadamu. Katika sura hii tutamchunguza mamalia mmoja tu, naye ni mbwa. Tumemchagua kwa sababu mimba yake ni fupi, hata mwanafunzi anaweza kuifuatilia tangu mwanzo mpaka mwisho katika muhula mmoja. Pia watoto wa mbwa huzaliwa wakiwa dhaifu mno, wala hawawezi kumaliza hata usiku mmoja wa baridi bila ya kutunzwa.

Zipo nyumba ambazo hazifugi mbwa kwa sababu ya dini au mila. Wanafunzi wa nyumba hizo wasiiruke sura hii. Mbwa wa jirani hupita mbele ya milango yote, na ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao tutaueleza mwishoni, hauulizi mbwa ni wa nani.

Ili tuelewe vizuri, tutamfuata mbwa mmoja jike anayeitwa Kaniki. Jina hilo alipewa kwa sababu ya weusi wake. Kaniki ni mbwa wa kulinda kondoo katika kijiji kimoja cha Njombe, kwenye Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Huko miezi ya Juni na Julai huwa na baridi kali, na asubuhi nyingine majani huonekana meupe kwa sakitu.

Mimba huchukua siku ngapi?

Mbwa jike aliyekomaa hupata joto la kupandwa mara mbili hivi kwa mwaka. Hali hiyo huendelea kwa muda wa majuma mawili hadi matatu. Katika siku za kwanza hutokwa na damu kidogo, na mbwa dume humfuata kutoka mbali kwa kunusa. Watu wengi humfungia mbwa wao wakati wa damu, kisha humfungulia damu inapopungua wakidhani hatari imekwisha. Kumbe huo ndio wakati wenyewe ambapo yuko tayari kushika mimba! Mtu asiyetaka watoto wa mbwa hana budi kumfungia kwa majuma yote matatu, au ampeleke kwa daktari wa mifugo ili afungwe kizazi. Kufanya hivyo ni afadhali kuliko desturi mbaya ya kuwatia watoto ndani ya gunia na kwenda kuwatupa jalalani.

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, yaani majuma tisa. Sungura huchukua siku 31 hivi, mbuzi siku 150, ng'ombe siku 280 na zaidi kidogo, naye tembo miezi 22.

Kaniki alipandwa tarehe 3 Mei. Hebu tuhesabu siku yake ya kuzaa. Kutoka tarehe 3 Mei hadi mwisho wa mwezi huo ni siku 28. Mwezi wa Juni una siku 30. Jumla ni siku 58. Ili tufike siku 63 tunahitaji siku 5 zaidi, kwa hiyo Kaniki alitazamiwa kuzaa tarehe 5 Julai. Hata hivyo, mbwa hasomi kalenda. Wengine huzaa siku ya 58 na wengine siku ya 68, nao wote wakawa salama.

Katika mwezi wa kwanza ni vigumu kuijua mimba kwa macho. Juma la nne chuchu huanza kuvimba na kuwa nyekundu. Kwa kawaida mbwa ana chuchu nane au kumi, zimepangwa katika safu mbili. Tokea juma la tano tumbo hukua, na mbwa huanza kwenda polepole. Usilibonyeze tumbo lake ili kuhesabu watoto. Unaweza kuwaumiza, na hesabu yenyewe hutaipata.

Chakula cha mbwa mwenye mimba

Watu wengine wakisha kujua kwamba mbwa ana mimba, humlisha sana tangu siku ile ile. Hilo ni kosa. Katika majuma matano ya kwanza watoto tumboni ni wadogo sana, na chakula cha ziada humfanya mama anenepe bure, na mbwa mnene mno huzaa kwa shida. Watoto hukua kwa haraka katika majuma ya mwisho. Basi kuanzia juma la sita mwongezee chakula kidogo kidogo, hata anapokaribia kuzaa awe anakula mara moja na nusu ya kile alichokizoea. Chakula hicho kigawanywe mara tatu au nne kwa siku, maana tumbo lililojaa watoto halina nafasi ya mlo mkubwa.

Ugali mtupu haumtoshi. Watoto hujengwa kwa protini, nayo hupatikana katika dagaa, nyama, mayai na maharage yaliyoiva vizuri. Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe. Maji safi yawepo wakati wote. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa sababu huvunjika vipande vyenye ncha kali ambavyo hutoboa utumbo.

Hapa lazima tuseme neno juu ya matumbo ya kondoo na mbuzi. Siku ya kuchinja, watu wengi humtupia mbwa maini na mapafu yenye mafuko ya maji, kwa kuwa hayafai kuliwa na watu. Ndani ya mafuko hayo wamo minyoo wachanga wa aina ya tegu. Mbwa akiyala mabichi, minyoo hukomaa ndani ya utumbo wake na kutaga mayai. Mayai hutoka pamoja na mavi, hushika katika manyoya, kisha huingia katika mikono ya mtoto anayemchezea mbwa. Mtoto akila bila ya kunawa huyameza. Baada ya miaka mingi, mafuko kama yale ya kondoo huota katika ini au mapafu ya mtu huyo, na huenda ikabidi apasuliwe. Huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, wafugaji wameteswa sana na ugonjwa huu. Njia ya kuukata ni rahisi: viungo vyenye mafuko vichemshwe muda mrefu mpaka viive kabisa, au vichomwe moto, au vifukiwe katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.

Mahali pa kuzalia

Juma moja au mawili kabla ya kuzaa, mbwa hutafuta mahali pa faragha, penye giza kidogo na pakavu. Mtengenezee sanduku la mbao ambalo mama ataweza kulala humo akiwa amejinyosha. Upande wa mbele uwe mfupi kiasi cha mama kuuruka, lakini watoto wasiweze kuuvuka. Sanduku liinuliwe juu ya matofali au vipande vya mbao ili lisigusane na ardhi yenye baridi. Ndani yake tandika nguo kuukuu zilizofuliwa au majani makavu.

Watoto wa nyumba ya akina Kaniki walitengeneza sanduku zuri wakaliweka barazani. Kaniki alilinusa mara moja, akaondoka, akaenda kuchimba chini ya ghala la mahindi. Walimrudisha mara tatu, naye mara tatu alirudi ghalani. Mwishowe baba yao alilihamishia sanduku huko huko chini ya ghala, naye Kaniki akaingia na kulala. Katika jambo hili mama mwenyewe ndiye mwenye uamuzi.

Usiku wa kuzaa

Joto la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 hivi. Katika saa 24 kabla ya kuzaa hushuka kwa nyuzi moja au zaidi. Daktari wa mifugo huweza kulipima kwa kipimajoto. Sisi tunaweza kutazama dalili nyingine: mbwa hukataa chakula, huhema kwa nguvu, hutetemeka, huparuapara matandiko yake, na hutazama ubavu wake mara kwa mara.

Kila mtoto huzaliwa akiwa ndani ya utando mwembamba wenye maji. Mama huupasua utando kwa meno, hukata kitovu, kisha humlamba mtoto kwa nguvu. Kulambwa huko si kusafishwa tu. Ndiko kunakomfanya mtoto avute pumzi yake ya kwanza. Kondo la nyuma hutoka baada ya mtoto, na mara nyingi mama hulila. Usishangae wala usimzuie.

Kaniki alizaa usiku wa tarehe 4 Julai, siku ya 62. Mtoto wa kwanza alitoka saa nne usiku na wa saba saa kumi alfajiri. Watu wa nyumbani walikaa mbali kidogo na kandili, bila ya kelele. Kwa muda mrefu hapakuwa na kazi yao. Lakini mtoto wa sita alitoka wakati Kaniki alipokuwa bado anamlamba wa tano, naye alibaki ndani ya utando wake bila kuguswa. Mama wa nyumba alisubiri kidogo. Alipoona kwamba Kaniki hageuki, alinawa mikono kwa sabuni, akaupasua utando kwa vidole, akampangusa mtoto puani na mdomoni kwa kitambaa safi, kisha akamsugua mgongo mpaka akalia. Laiti angesubiri dakika chache zaidi, mtoto yule angekufa.

Mwite daktari wa mifugo upesi ukiona mama anajikamua kwa nguvu zaidi ya nusu saa bila mtoto kutoka, au saa mbili zimepita nawe unajua kuwa bado mtoto yumo, au maji ya rangi ya kijani kibichi yanatoka kabla ya mtoto wa kwanza. Usimvute mtoto kwa nguvu.

Kwa nini baridi huwaua?

Kulipopambazuka, mtoto wa saba alionekana pembeni mwa sanduku, mbali na wenzake. Alikuwa mdogo kuliko wote. Mwili wake ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na mdomo wake ulifunguka na kufunga bila sauti. Mvulana wa nyumba hiyo, ambaye yuko darasa la tano kama wewe, alikimbia jikoni kuchukua maziwa ya ng'ombe. Bibi yake alimzuia mlangoni.

"Usimpe kitu, mjukuu wangu," bibi alisema. "Mtoto aliyepoa halishwi. Kwanza joto, maziwa baadaye."

Bibi huyo hakusoma sayansi shuleni, lakini alisema kweli. Mtoto wa mbwa katika juma lake la kwanza hawezi kutetemeka. Sisi tukipatwa na baridi misuli hutetemeka, na kutetemeka huko huleta joto. Yeye hana uwezo huo, wala hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Joto lake lote hutoka kwa mama na kwa ndugu zake. Akipoa sana, moyo hupiga polepole na utumbo huacha kufanya kazi. Maziwa yakiingia katika utumbo uliosimama hayasagwi, bali huchacha. Tena mtoto dhaifu hushindwa kumeza, na maziwa huweza kupita njia ya pumzi na kuingia mapafuni.

Bibi alimweka mtoto kifuani pake chini ya nguo, ngozi kwa ngozi. Kisha mvulana alijaza chupa maji ya vuguvugu, si ya moto, akaizungushia kitambaa kinene na kuiweka kando yake. Walimpasha joto polepole kwa saa moja na zaidi. Mtoto alipoanza kuzungusha kichwa na kutafutatafuta kwa pua, walimrudisha kwa Kaniki na kumweka kwenye chuchu za nyuma, ambazo kwa kawaida huwa na maziwa mengi. Akanyonya.

Maziwa hayo ya kwanza huitwa dang'a. Yana kinga ambayo mama ameikusanya mwilini mwake dhidi ya magonjwa. Utumbo wa mtoto huweza kuipokea kinga hiyo katika siku ya kwanza tu. Baada ya hapo mlango hufungwa. Kama mama amekufa na hapana budi kuwalea watoto kwa chupa, kumbuka kwamba maziwa ya mbwa yana mafuta na protini karibu mara mbili ya maziwa ya ng'ombe. Mwulize daktari wa mifugo namna ya kuyaongezea nguvu. Mtoto anyonyeshwe akiwa amelala kifudifudi, kama anavyonyonya kwa mama yake, wala si chali.

JARIBIO: Tafuta chupa saba ndogo zinazolingana. Zijaze zote maji ya vuguvugu yenye joto moja. Sita zifunge pamoja kwa kamba, na ya saba iweke peke yake. Pima joto la chupa ya peke yake na la chupa moja ya katikati ya fungu kila baada ya dakika tano, kwa muda wa nusu saa. Andika vipimo katika jedwali. Chupa ipi ilipoa upesi? Sasa eleza kwa nini watoto wa mbwa hulala wamerundikana.

Majuma ya mwanzo

Mtoto wa saba alipona. Lakini siku ya tatu mtoto mwingine, aliyekuwa mnene na mwenye nguvu, alikutwa amekufa ukutani mwa sanduku. Kaniki alikuwa amemlalia. Siku hiyo baba alipigilia fito ndani ya sanduku pande zote, upana wa kiganja kutoka ukutani na juu kidogo ya sakafu. Mama akiegemea, mtoto hupata nafasi ya kupenya chini ya fito. Ingalifaa fito hizo ziwekwe kabla ya kuzaa, nawe ukitengeneza sanduku usizisahau.

Watoto wa mbwa huzaliwa vipofu na viziwi. Huweza kunusa na kuhisi joto, na kwa hisi hizo mbili humpata mama. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14. Usiyafungue kwa vidole. Masikio huanza kusikia katika juma la tatu. Katika majuma mawili au matatu ya kwanza hawawezi kukojoa wala kunya wenyewe, mpaka mama awalambe chini ya tumbo.

Mtoto mwenye afya huongezeka uzito kila siku, na baada ya siku kumi hivi huwa mara mbili ya alivyozaliwa. Mvulana wetu aliwapima watoto sita kila jioni kwa mizani ya duka. Aliona kwamba mtoto aliyezaliwa na gramu 300 alifika gramu 610 siku ya kumi, lakini yule mdogo aliyeokolewa alichelewa kwa siku nne. Mtoto asiyeongezeka uzito kwa siku mbili anahitaji msaada, hata kama hajaanza kulia.

Mama anayenyonyesha watoto wengi huhitaji chakula mara mbili au tatu ya kawaida yake. Chokaa ya mifupa yake mwenyewe hutumika kutengeneza maziwa, na wakati mwingine hupungua mno katika damu. Ukimwona mama anayenyonyesha anatetemeka, anakakamaa miguu na kuyumba, watenge watoto naye, na mwite daktari saa ile ile. Hali hiyo huua kwa muda wa saa chache, na dawa yake ipo.

Watoto wengi huwa na minyoo tangu tumboni mwa mama, na mingine huipata katika maziwa. Wapewe dawa ya minyoo wakiwa na majuma mawili, na irudiwe kila baada ya majuma mawili kwa kipimo cha daktari, mpaka waache kunyonya. Mama naye apewe pamoja nao. Meno huanza kuota juma la tatu, na katika juma la nne waanze kuramba uji laini wenye dagaa waliosagwa. Wakati huo wazoeshwe kushikwa na watu kwa upole. Wasitenganishwe na mama yao kabla ya majuma manane, maana kwa mama na ndugu ndiko wanakojifunza kutouma kwa nguvu.

Kichaa cha mbwa

Ugonjwa huu husababishwa na virusi vilivyo katika mate ya mnyama mgonjwa. Dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu hapana anayepona. Lakini huzuilika kabisa. Mwaka 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja kwa mara ya kwanza mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto huyo akaishi. Leo mbwa wenyewe huchanjwa, na tarehe 28 Septemba ya kila mwaka, siku aliyofariki Pasteur, huadhimishwa duniani kwa ajili ya vita dhidi ya ugonjwa huu. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa kwa wingi, na mwaka 2014 ugonjwa ulikoma. Mwaka 2016 uliingia tena kutoka nje ya kisiwa. Chanjo ikarudiwa, nao ukakoma tena mwaka 2018.

Mama achanjwe kabla ya kupandwa. Siku ya chanjo kijijini, wapelekwe mbwa wote, watoto wao wakiwemo. Watu wengi huwaacha watoto wa mbwa nyumbani wakidhani ni wadogo mno. Kumbe watoto hao ndio wanaochezewa zaidi na watoto wa watu.

Ukiumwa au ukikwaruzwa na mbwa, hata mtoto wa mbwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Mwambie mzazi au mwalimu bila ya kuficha, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama mbwa ataugua.

MASWALI

1. Mbwa alipandwa tarehe 10 Septemba. Atatazamiwa kuzaa tarehe gani?
2. Kwa nini si vizuri kumwongezea mbwa chakula katika majuma matano ya kwanza ya mimba?
3. Eleza safari ya tegu kutoka katika ini la kondoo mpaka katika ini la mtu. Mfugaji anaweza kuikata safari hiyo mahali gani?
4. Mtoto wa mbwa amepoa na hawezi kulia. Utafanya nini kwanza, na kwa nini?
5. Ni nini kazi ya fito ndani ya sanduku?
6. Uliza nyumbani au kwa jirani anayefuga mbwa: mbwa wake alichanjwa lini kwa mara ya mwisho? Andika majibu ya darasa zima ubaoni, kisha mhesabu ni mbwa wangapi ambao muda wa chanjo yao umepita.